Kazi Mpya au Kubaki Ulipo: Tuhesabu, Tushauriane, Kisha Tuswali Istikhara



Kila sifa njema anastahiki Allah (SW), Mola wa walimwengu wote, Mwenye kuwaruzuku waja wake kwa njia wanazozijua na kwa njia wasizozitarajia. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu msomaji, siku chache baada ya Idd el-Fitr, ndugu mmoja wa jamaa yetu hapa Songea alibaki msikitini baada ya swala ya Isha, hali wenzake wamekwisha kuondoka. Alikuja mezani petu, akatoa simu yake na kutuonyesha ujumbe. Kampuni moja ya malori yanayosafirisha makaa ya mawe kutoka Mbinga ilikuwa inamtaka awe msimamizi wa hesabu zake. Mshahara uliotajwa ni shilingi 1,300,000 mkononi kila mwezi. Ndugu huyu ni mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari ya Serikali, ana miaka 11 kazini, ana mke na watoto watatu, na baada ya makato yote huondoka na shilingi 470,000. Alitakiwa atoe jibu ndani ya wiki mbili. Akatuuliza, "Katibu, istikhara niiswali leo au kesho?"

Tulimjibu upesi. Tulimwambia kuwa ajira ya Serikali ni kama mlima Matogoro, mvua hunyesha na jua huwaka nao upo pale pale. Tulimwambia kuwa malori leo yapo na kesho yameegeshwa. Tulimwambia abaki. Alitusikiliza kwa adabu, akashukuru, akaenda zake. Nasi tukafunga milango ya msikiti tukiwa tumeridhika na nafsi zetu.

Alfajiri yake tulimsimulia Imamu wetu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Katibu, ulizungumza naye kama mshauri, au ulizungumza naye kama kamati?"

Swali hilo lilituchoma, kwa sababu lilikuwa la haki. Ndugu huyu ndiye mweka hazina wa msikiti. Kwa miaka minne daftari lake halijapotea hata shilingi mia, na ndiye anayewafundisha vijana wa madrasa hesabu za mirathi kila Jumamosi. Akihamia Mbinga, takriban kilomita 100 kutoka hapa, pengo lake tungelihisi sisi kabla ya mtu mwingine yeyote. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa anayeombwa ushauri amekabidhiwa amana. Sisi tulikabidhiwa amana ya familia ya mtu, tukaipima kwa mizani ya daftari la msikiti. Hatukusema uongo. Lakini tulichagua kweli zile tu zilizotufaa.

Tulimwendea jioni ile ile nyumbani kwake, tukamwomba radhi, tukamwomba tuanze upya. Yaliyofuata ndiyo tunayotaka kuwashirikisha ndugu zetu leo, kwani tunajua kuwa katika nyumba nyingi za Waislamu swali hili linalala kitandani pamoja na mume na mke: twende au tubaki?

Wazee wetu nao walipima

Jambo hili si geni katika ardhi yetu. Zama za Waingereza, Songea ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotoa vibarua wengi kwenda katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Watu hao waliitwa manamba. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha taslimu hapa nyumbani zilikuwa adimu. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuajiri vibarua, maarufu kwa jina la SILABU, ikawa inachukua watu mikoa ya mbali kwa mkataba. Kibarua alipewa kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, na hakuhesabiwa mshahara wake mpaka kazi za siku hizo zikamilike.

Wapo waliobaki. Chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, kiliundwa mwaka 1936, na kwa njia hiyo wakulima wakapata pa kuuzia tumbaku yao kwa pamoja. Leo tuna maneno yetu juu ya tumbaku, nayo tuyaache kwa siku nyingine. Tunachotaka kukiona hapa ni kwamba katika kijiji kimoja, nyumba mbili zilizopakana zilipima jambo moja zikapata majibu mawili. Huyu alifunga mzigo akaelekea Tanga, na yule akashika jembe akabaki.

Ni nani aliyepata? Wapo waliorudi na nguo, baiskeli na mtaji. Wapo ambao hawakurudi kabisa, na hadi leo mkoani Tanga kuna koo za Kingoni ambazo wajukuu wake Songea wanaisikia tu. Wakati wa Vita vya Korea, kuanzia mwaka 1950, bei ya mkonge ilipanda sana, na aliyekuwa shambani aliweza kudhani kuwa ameshika mkia wa neema isiyokwisha. Haikupita miaka 15 nyuzi za plastiki zikaingia sokoni na bei ikaporomoka. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Serikali ikataifisha sehemu kubwa ya mashamba hayo, na zao lenyewe likaendelea kudidimia.

Makaa ya mawe ya leo yana sura hiyo hiyo. Mwaka 2022 malori yalijaa barabara yetu ya Tunduru na Masasi yakipeleka makaa bandari ya Mtwara, kwa sababu vita vya Ukraine viliitikisa biashara ya nishati duniani na bei ikapaa. Mwaka 2023 bei hiyo ya dunia ilishuka sana. Hatusemi kuwa makaa yatakwisha kesho, wala hatumkatazi mtu riziki ya halali iliyomo humo. Tunasema tu kuwa mshahara uliopandishwa na vita vya mbali unaweza kushushwa na amani ya mbali, na mwenye familia anapaswa kulijua hilo kabla hajatia saini.

Hata hivyo tuwe waadilifu kwa upande wa pili. Ajira ya Serikali nayo si mlima, na tulikosea kuifananisha na Matogoro. Mwezi Aprili 2017 watumishi wa umma 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Kosa lao linajulikana, lakini wake na watoto waliokuwa wakila kutokana na mishahara ile walilala usiku mmoja na kuamka hawana kitu. Kinacholinda riziki ya halali ni Allah (SW). Mwajiri, awe Serikali au kampuni, ni mfereji tu ambao maji yanapitia.

Maswali manne tuliyoulizana

Tulikaa barazani kwake watu watatu: yeye, mkewe na sisi. Mkewe alileta chai na mihogo, akataka kuondoka. Tulimwomba akae. Alikaa, akasema neno ambalo hatujalisahau: "Ndugu Katibu, mimi sijaulizwa bado. Nimeambiwa tu kwamba huenda tukahama, tena nimeambiwa na mtoto."

Mume aliinamisha kichwa. Nasi tulikumbuka kisa cha Nabii Musa (AS) katika Suratul Qasas. Alipofika Madyan hana kazi wala makazi, ni binti wa yule mzee aliyemshauri baba yake amwajiri, akataja sifa mbili za mwajiriwa: nguvu na uaminifu. Baba hakumwambia binti yake kuwa hayo ni mambo ya wanaume. Alilichukua shauri lake, na ajira ya Nabii wa Allah ikaanzia hapo. Basi vipi sisi tunahamisha nyumba nzima bila ya kumuuliza aliyeishikilia?

Swali la kwanza lilikuwa hili: katika fedha hizo mpya, ngapi ni zako? Tulichukua daftari. Kutoka katika 1,300,000 tulitoa pango na chakula cha maisha ya pili huko Mbinga, 350,000, kwani watoto wangebaki shule hapa Songea. Tukatoa nauli ya kurudi nyumbani kila mwisho wa wiki, 80,000. Tukatoa 280,000 za mkopo wa benki, ambao leo hukatwa kabla mshahara haujamfikia, na kule angelipa kwa mkono wake. Tukatoa 100,000 kwa ajili ya matibabu, kwa sababu leo yeye, mkewe na watoto wake wanatibiwa kwa kadi ya bima ya afya, na kampuni haikutaja bima. Tukatoa 150,000 za akiba ya uzee, kwa sababu kampuni haikutaja pia michango ya hifadhi ya jamii. Jumla ya yote ni 960,000. Zilizobaki ni 340,000.

Tuliirudia hesabu mara mbili. Mwalimu wa hisabati alikuwa amelinganisha mshahara ambao haujatolewa kitu na mshahara ambao umekwisha kutolewa kila kitu. Alicheka, lakini kicheko hicho kilikuwa na aibu ndani yake. Ndugu msomaji, usimcheke. Wengi wetu tukiona tarakimu kubwa akili hukimbilia kwenye paa la bati jipya na kusahau kuhesabu misumari.

Swali la pili: ukiondoka unaacha nini ambacho hakirudi? Sheria ya mafuneni inajulikana. Ili mtu alipwe pensheni ya kila mwezi anapostaafu, anahitaji kuwa amechangia si chini ya miezi 180, yaani miaka 15. Ndugu yetu amechangia miezi 132. Wapo wanaodhani kuwa mtu akiacha kazi atachukua fedha zake zote na kuanzia mtaji, kama lilivyokuwa lile fao la kujitoa. Mambo yalibadilika kwa sheria ya mwaka 2018, na fao la kukosa ajira halikuwekwa kwa ajili ya mtu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Anayekusudia kuhama aende kwanza katika ofisi ya mfuko wake, aulize miaka yake itaunganishwaje na ya mbele, na apate jibu kwa maandishi. Ajue pia kuwa kurudi serikalini si sawa na kurudi nyumbani kwa mama. Ataomba upya pamoja na vijana waliomaliza chuo jana, na huenda akatakiwa kuwa na kibali.

Swali la tatu: ahadi uliyopewa imeandikwa wapi? Katika kisa kile kile cha Nabii Musa (AS), mzee alitaja muda wa mkataba, miaka minane, na ikiwa mwajiriwa atakamilisha kumi basi ni kwa hisani yake. Alitaja malipo, na alitaja kuwa hakusudii kumtia katika mashaka. Nabii Musa akakubali, na wote wawili wakamfanya Allah kuwa Shahidi. Muda, malipo, masharti na shahidi. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya kazi yake kwa maandishi anapoanza. Ndugu yetu alikuwa na ujumbe wa simu wenye mistari mitatu.

Swali la nne ndilo zito: kwa nini unataka kuondoka? Hapo alikaa kimya muda mrefu. Mwisho alisema kuwa amechoka. Darasa lina wanafunzi wengi kupita kiasi, wenzake aliosoma nao wamejenga na yeye bado amepanga, na kila tarehe ya mshahara anapoona makato ya benki anahisi kuwa anamfanyia kazi mtu asiyemjua. Alisema mkopo ule wa riba aliuchukua miaka mitatu iliyopita ili kumaliza harusi ya mdogo wake, na tangu siku ile hajapata raha ya moyo.

Mkewe akasema kwa sauti ya chini, "Basi, mume wangu, kinachokukimbiza si shule. Ni deni. Na hilo ukienda Mbinga utakwenda nalo."

Tulikuwa tumejiandaa kunukuu dalili nyingi usiku ule. Baada ya neno hilo hatukuwa na haja nazo.

Alichokifanya

Alikwenda Mbinga siku ya Jumamosi, akazungumza na wenye kampuni ana kwa ana. Aliwaomba mambo matatu: mkataba ulioandikwa, michango ya hifadhi ya jamii na bima ya afya kwa familia. Walimpokea vizuri, wakamwambia aanze kazi kwanza, na hayo mengine yatazungumzwa baada ya miezi mitatu. Aliwashukuru, akawaambia kuwa hawezi. Hakuwasema vibaya kwa mtu, nasi hatuwasemi vibaya. Wao walikuwa wanamtafuta mtu wa haraka, na yeye si mtu wa haraka.

Kwa hiyo alibaki. Msomaji anaweza kusema kuwa jibu ni lile lile tulilompa usiku wa kwanza. Ni lile lile kwa nje. Usiku wa kwanza angebaki kwa sababu katibu wa msikiti amemtisha, na kila mwezi angeitazama shule kama mfungwa anavyoutazama ukuta. Sasa amebaki kwa hesabu aliyoifanya mwenyewe pamoja na mkewe, na kubaki huko kuna mpango. Mkopo umebakiza miezi 19. Wamekubaliana kutochukua mwingine wa riba juu yake, hata kama mtu wa benki atapita shuleni na fomu zake. Wameongeza nusu ekari ya maharage katika shamba la mahindi. Mkewe, ambaye anauza dagaa wa Nyasa sokoni, ameanza kuweka kando kila wiki kiasi kisichoguswa. Miezi 19 ikiisha watakaa tena na daftari. Ikiwa siku hiyo itakuja kazi nyingine yenye mkataba ulioandikwa, mwalimu atakuwa huru kuitazama bila ya mtu kumsukuma nyuma.

Nabii Yusuf (AS) alipoifasiri ndoto kuwa ni miaka saba ya neema na saba ya dhiki, hakuwaambia watu wa Misri wakae waombe tu. Aliwafundisha kuweka nafaka. Sisi wa Songea tunaolima mahindi tunaelewa jambo hili kuliko wengi: mwenye ghala huuza anapotaka, na asiye na ghala huuza anapolazimika. Kazi nayo ni hivyo hivyo. Asiye na akiba hachagui kazi, kazi ndiyo inayomchagua.

Ambaye alipaswa kuondoka

Hatupendi mtu amalize kusoma hapa akadhani kuwa Uislamu unamwamuru kila mtu akae alipo. Mwaka huo huo dada yetu mmoja, muuguzi, alikuwa akifanya kazi katika zahanati binafsi mjini hapa. Mshahara wake ulikuwa umechelewa miezi mitatu. Akapata ajira ya Serikali, kituo cha kazi wilaya ya Tunduru, kijijini kabisa. Ndugu wa pande zote mbili walimkataza. Walisema mjini kuna umeme na maji, mumewe ana karakana ya useremala, na watoto wamezoea. Yeye mwenyewe aliogopa. Alisema mahali alipo anajulikana, na mshahara unachelewa lakini mwisho hufika.

Tulimuuliza maswali yale yale manne, na kila jibu lilielekea upande wa pili. Fedha za kule zilikuwa zake kweli. Alichokuwa anakiacha ni ahadi isiyolipwa. Kila kitu cha kule kilikuwa kimeandikwa. Na sababu yake ya kubaki, alipoitamka mwenyewe, ilikuwa ni woga wa njia asiyoijua. Kumbe usalama aliokuwa anaulinda haukuwepo. Alichokuwa nacho ni mazoea. Mazoea hufanana sana na usalama, mpaka siku mtoto anapougua na nyumbani hakuna shilingi.

Tuliyaona hayo pia mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona na kufunguliwa zote mwishoni mwa Juni. Mwalimu wa Serikali aliendelea kupata mshahara wake. Walimu wengi wa shule binafsi walipunguziwa, na wengine hawakupata kitu. Hapo tulijifunza kuwa majengo mazuri na sare zinazong'aa si dhamana ya chochote.

Mumewe alisita siku kadhaa, kisha akasema kuwa mbao zipo Tunduru pia. Mke alitangulia, yeye akafuata baada ya wiki sita na misumeno yake. Nasi tunamkumbuka Abdulrahman bin Auf (RA), aliyeacha mali zake Makka na kufika Madina mikono mitupu. Saad bin Rabii (RA) alitaka kumpa nusu ya mali yake yote. Aliombewa dua na kushukuriwa, na Abdulrahman akaomba aonyeshwe soko lilipo. Alianza na samli na jibini. Aliyehama kwa ajili ya jambo la kheri, na mikono yake ikawa tayari kufanya kazi, Allah hamtupi.

Istikhara haichukui nafasi ya daftari

Tumalizie kwa lile swali la kwanza la ndugu yetu. Masahaba wamepokea kuwa Mtume (SAW) alikuwa akiwafundisha istikhara kama anavyowafundisha sura katika Qur'ani. Ni rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha dua maalumu ya kumwomba Allah, Mwenye elimu na uwezo, amchagulie mja wake lililo bora katika dini yake, maisha yake na mwisho wake. Katika mafunzo hayo hakuna sharti la kuota ndoto. Yupo anayeswali istikhara na kulala akisubiri kuona rangi ya kijani au nyeusi, na asubuhi anakwenda kuacha kazi kwa sababu ameota lori. Huko ni kujidhulumu.

Mja hutafuta habari, hushauriana na wanaojua na wasio na maslahi, huketi na mwenza wake, hupiga hesabu, kisha husimama mbele ya Mola wake na kukiri kuwa hesabu yake inaishia mahali fulani na elimu ya Allah haiishii popote. Baada ya hapo huendelea na lile aliloliazimia. Likifunguka, ashukuru. Likifungika, aridhike. Bedui aliyeuliza kuhusu ngamia wake alifundishwa kumfunga kwanza, kisha kutawakali. Hakuambiwa achague kimoja.

Na anayeondoka, aondoke kwa adabu ya Muislamu. Atoe taarifa kwa muda uliowekwa, ambao kwa mlipwaji wa mshahara wa mwezi katika sheria ile ya 2004 si chini ya siku 28. Akabidhi funguo, vitabu na fedha za watu. Asitoroke usiku na kuzima simu. Baraka ya kazi mpya huanzia katika namna mtu alivyoiaga ile ya zamani. Na anayebaki, abaki kwa kazi, si kwa kununa. Mwalimu aliyebaki kwa mwili huku moyo wake ukiwa barabara ya Mbinga anawadhulumu watoto wa watu.

Kuhusu sisi wa kamati, tumejifunza letu. Tumemtafutia mweka hazina msaidizi, kijana wa miaka 24, naye anafundishwa daftari kila Jumamosi baada ya Adhuhuri. Ikiwa siku moja ndugu yetu atapata kheri yake mahali pengine, tunataka tumuombee dua na kumsindikiza kwenye basi bila ya kuwa na neno lolote la kumzuia.

Tunamuomba Allah (SW) atupe riziki ya halali, atuondolee uzito wa madeni, azitie utulivu nyumba zetu, na atujaalie tuwe washauri waaminifu kwa wanaotuamini. Amin.

Wabillahi tawfiq.